Upendo anauliza kuhusu Utatu

*Kikundi: Ukoo wetu, Kibosho*

Mama Upendo: Tumsifu Yesu Kristo. Shikamooni wakubwa. Upendo yuko mafundisho ya kipaimara. Wenzake wamemwambia Utatu, yaani Mungu mmoja katika Nafsi tatu, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, ni kama maji, barafu na mvuke. Sasa ananiuliza, "Kwa hiyo Yesu alipokuwa duniani, mbinguni hakubaki mtu?" Nisaidieni jamani, anasubiri jibu.

Shangazi Machame: Milele na milele, amina. Marahaba. Mtoto ana akili huyo! Hata huku kwetu KKKT, kwa Walutheri, mfano huo unapendwa sana shule ya Jumapili.

Baba Mkubwa: Marahaba mwanangu. Swali lake limegonga penyewe. Maji yakishakuwa barafu si mvuke tena. Ukiushika mfano huo utafika mahali useme Baba aligeuka akawa Mwana, kisha akageuka tena akawa Roho. Karne ya 3 kule Roma, Sabellius alifundisha jambo la namna hiyo na Kanisa likalikataa. Msomee Mathayo 3, ubatizo wa Yesu. Mwana yumo mtoni Yordani, Roho anashuka kama hua, sauti ya Baba inatoka mbinguni. Wote kwa wakati mmoja. Na Gethsemane Yesu alipoomba, hakuwa anajiomba mwenyewe.

Elia: Shikamoo Baba Mkubwa. Niulize hapo hapo. Mwenzangu wa chumba hapa Arusha ni Mwislamu wa Kondoa, mtu mwema sana. Anasema ukisema Mungu ana Mwana, umesema Mungu amezaa kama binadamu. Nataka nimjibu vizuri, bila ugomvi.

Baba Mkubwa: Marahaba. Mwambie analolikataa yeye na sisi tunalikataa. Kanisa halifundishi kwamba Mungu alioa akapata mtoto. Jumapili tunakiri: "Aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba." Hakuna neno la kupamba pale. Arius, padre wa Alexandria huko Misri, alisema Mwana ni kiumbe. Mkuu kuliko viumbe vyote, lakini kiumbe. Mwaka 325 maaskofu wakakutana Nikea, katika Uturuki ya leo, wakakiri imani kwa maneno yaliyomfungia njia. Kwamba Roho Mtakatifu "anaabudiwa na kutukuzwa pamoja na Baba na Mwana", hilo ni la Mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Konstantinopoli, 381.

Baba Mkubwa: Askofu Athanasius wa Alexandria alifukuzwa jimboni mwake mara 5 kwa kuitetea imani hiyo. Hoja yake naipenda mno. Kama Kristo ni kiumbe tu, hawezi kutuunganisha na Mungu, kwa sababu na yeye angehitaji wa kumuunganisha. Wokovu wetu wote umesimama hapo.

Elia: 🙏🏾 Hiyo namsomea leo leo.

Shangazi Machame: Kaka, Imani ya Nikea na sisi tunaikiri hiyo hiyo. Ila kuna jambo linaniuma. Katika wasichana ninaowafundisha wapo ambao wakisikia "baba" wanakumbuka fimbo tu. Nikisema Mungu ni Baba wanainamisha vichwa.

Baba Mkubwa: Pole sana dada yangu. Hapo usipite haraka. Mungu si mwanamume wala mwanamke. Tunamwita Baba kwa sababu Yesu alimwita hivyo akatufundisha kusali hivyo. Hatukumpima kwa wanaume wa Kibosho wala wa Machame. Waanzie Isaya 66:13, anaposema atawafariji watu wake kama mama anavyomfariji mtoto. Kisha Luka 13:34, Yesu anatamani kuwakusanya watu wa Yerusalemu kama kuku na vifaranga vyake. Kuita Baba kusiwe sharti la kuanza kusali.

Shangazi Machame: Aika sana. Jumapili naanza na Isaya.

Mama Upendo: Nimemsomea Mathayo 3, kafurahi. Kaja na jingine: "Sasa nikisali, nasali kwa nani?"

Baba Mkubwa: Asikilize padre anavyomalizia sala ya mwanzo wa Misa. Anamwomba Baba, kwa njia ya Mwana, katika umoja wa Roho Mtakatifu. Kumwita Yesu moja kwa moja pia ni sawa, Stefano alimwita akipigwa mawe (Matendo 7:59). Na "Njoo Roho Mtakatifu" si tunaimba Pentekoste? Akimwita mmoja hajawaacha wengine nje. Mtakatifu Augustino wa Hippo, Aljeria ya leo, alikiri kwamba tunasema Nafsi tatu ili tusikae kimya, si kwamba tumelimaliza fumbo.

Elia: Nimemweleza mwenzangu "aliyezaliwa bila kuumbwa". Anataka kuisoma Kanuni ya Imani yote, mwanzo hadi mwisho. Nani ana misale karibu apige picha?

Mama Upendo: Ninayo mezani, natuma sasa hivi.

Shangazi Machame: Na mimi natuma ya kitabu chetu cha ibada, azisome zote mbili.