Ushauri: nampeleka baba Duxford kwenye maonesho ya ndege pamoja na wenzangu wapenzi wa ndege, siku niipangeje?

MtotoWaKibosho:
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri hasa mlioko Uingereza au mliowahi kuhudhuria maonesho ya ndege huku. Mimi niko Luton na tuna kikundi chetu cha wapenzi wa ndege, Watanzania, Wakenya, Waingereza, kuna na Mpoland mmoja, wikendi tunakutana kwenye uzio wa uwanja tunapiga picha ndege zikitua. Mwezi wa tisa tunaenda Duxford, makumbusho ya ndege yenye uwanja wake karibu na Cambridge, kwenye Battle of Britain Air Show, maonesho ya ndege za vita vya pili, sasa baba yangu mzazi anakuja kututembelea kutoka Moshi na tarehe zimeangukia humo humo, nataka niende naye.

Mzee wangu haji kushangaa ndege. Alikuwa fundi East African Airways pale uwanja wa Embakasi, Nairobi, tangu kijana mpaka shirika linakufa 1977, na ndege yake ni Super VC10, ile ndege ya abiria ya Kiingereza yenye jeti nne, ukimgusia tu hiyo habari chai inapoa mezani. Duxford ipo moja imeegeshwa nje, namba yake ya usajili G-ASGC, ya shirika la Kiingereza la BOAC-Cunard. Shida ni kwamba ana miaka 76 na goti linamsumbua, halafu wenzangu wakishafika wanasimama ukingoni na lenzi zao hawabanduki mpaka Spitfire ya mwisho, zile ndege za vita za Kiingereza, itue, na gari ni la kwao. Nikiwafuata wao mzee atakaa kwenye upepo kutwa nzima anaangalia ndege za vita ambazo naona hazimhusu sana, nikimfuata mzee nawaacha wenzangu. Au nimpeleke siku nyingine isiyo na shoo tuwe wawili tu?

Panga_Boi:
Mkuu mpeleke siku ya shoo na mfike geti linapofunguliwa. Asubuhi ndege zote ziko chini, kuruka ni mchana, kwa hiyo masaa ya mwanzo yote ni ya VC10, mpe mzee muda wake pale taratibu.

Ila hapo kwenye "hazimhusu" sikubaliani na wewe kabisa. Huyo ni fundi wa injini bwana! Ngoja asogee karibu wakati Spitfire inawashwa, injini ya Merlin lita 27, panga (propela) linazunguka kwa kusitasita, linakwama kidogo, halafu kwenye vile vibomba vya pembeni moshi unatoka pap, pap, bomba moja moja, na ghafla silinda zote 12 zinashika na majani nyuma ya mkia yanalala chini. Fundi akisikia hapo anajua silinda gani imechelewa. Na Duxford ndipo Spitfire za kwanza zilipoanza kazi, Skwadroni ya 19 walizipokea hapo Agosti 1938, kwa hiyo anasimama kwenye uwanja wenyewe hasa.

SimbaWaReading:
Mimi napingana na mkuu hapo juu. Siku ya shoo watu ni wengi mno, hata kusogelea ndege moja ukaikagua kwa utulivu ni kazi. Nenda katikati ya wiki. Zile ndege za abiria zinatunzwa na watu wa kujitolea wa Duxford Aviation Society, na wengine humo ni mafundi wastaafu, siku tulivu utawakuta na overoli wanahangaika na rivet, zile misumari ya kuunga mabati ya ndege. Mzee akijitambulisha kwamba alifanya kazi Super VC10 Nairobi hapo umempa siku nzima ya maongezi. Waandikie mapema uwaulize siku gani wanafungua ndani.

Embakasi_Runway06:
Sasa nduguyangu, mimi ni Mkenya niko Surrey, na hii uzi imenigusa kabisa kwa sababu hizo ndege ziliruka juu ya nyumba yetu. Wacha niongeze kitu ambacho mzee wako pengine hajaambiwa. VC10 ilitengenezwa kwa ajili ya viwanja kama chetu, kiko juu sana, jua kali, hewa nyepesi, ndio maana injini zote nne zikawekwa mkiani na bawa likabaki safi, liweze kuinua mzigo mzito bila kula barabara yote. East African Airways walinunua tano. Moja, 5X-UVA, ilianguka Addis Ababa Aprili 1972, watu wakafa, na mzee wako lazima anaikumbuka siku hiyo, kwa hiyo ukimuuliza muulize pole pole.

Zile nne zilizobaki hazikwenda kwa chuma chakavu shirika lilipovunjika. Zilirudi Uingereza, jeshi la anga la huku likazigeuza kuwa ndege za kujaza wenzao mafuta hewani, zikapewa namba ZA147 mpaka ZA150. Na ZA150 ndio 5H-MOG, ya Tanzania hiyo, VC10 ya mwisho kabisa kuundwa duniani, mwaka 1970. Iliruka mpaka Septemba 2013! Safari yake ya mwisho ilitua uwanja wa Dunsfold, huku huku Surrey, ikawa mali ya Brooklands Museum, makumbusho ya ndege ya huku. Kama mzee aliwahi kufunga bolti kwenye MOG basi kazi yake ilikaa angani zaidi ya miaka 35 baada ya yeye kuondoka Embakasi. Waulize Brooklands kuhusu kuiona kabla hamjafunga safari.

Dada_Mwanaisha:
Kakangu, mimi niongelee mwili wa mzee. Duxford ni ndefu, kutoka mlangoni mpaka hangari la Wamarekani upande wa magharibi ni mwendo wa kuchosha hata kijana. Piga simu uliza kiti cha magurudumu na maegesho ya wasiojiweza, usisubiri kufika. Beba kiti cha kukunja, blanketi, kofia inayofunika masikio, uwanja uko wazi na upepo wa Septemba haumjui mgeni wa Moshi. Na umemuuliza mwenyewe anataka nini? Naona mnampangia tu.

LenziNdefu:
Kwa kundi lako: pale watazamaji wanatazama kusini, jua linakuwa mbele yenu karibu siku nzima, ndege nyingi zitatoka nyeusi. Kwa hiyo wala hawatapoteza kitu wakianza na VC10 asubuhi. Mchana ndege za panga shusha kasi ya shata ya kamera mpaka sehemu 1/200 ya sekunde hivi, ukipiga 1/2000 panga linaganda, ndege inaonekana imezima injini hewani.

MtotoWaKibosho:
Asanteni sana wakuu, dada Mwanaisha nimekusikia, nimempigia simu. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama hiyo ya Duxford ina mlango mkubwa wa mizigo mbele kushoto, maana za kwao zilikuwa nao. Nikamwambia hii ya BOAC haina, akacheka akasema basi hiyo ni binamu. Nilipomtajia 5H-MOG akanyamaza kidogo, halafu akaanza kunitajia majina ya wenzake wa zamu ya usiku mmoja mmoja, wengi marehemu. Anataka kwenda siku ya shoo na anataka kukutana na wenzangu. Nao wamekubali, asubuhi yote ni VC10 na mzee ndiye atatueleza. Brooklands nawaandikia leo. Swali la mwisho, tiketi zinauzwa getini?

Panga_Boi:
Usitegemee geti, nunua mtandaoni sasa hivi kabla hazijaisha. Gari mtoke kwenye barabara kuu ya M11 makutano namba 10, na mtoke Luton alfajiri maana foleni ya kuingia ni ndefu. Mzee akichoka mapema kabla ya wenzako, stesheni ya Whittlesford Parkway iko karibu, teksi fupi tu halafu treni. Na mfikishie shikamoo yangu.