Kampuni inapanda miti, vibarua je?

Wadau, shamba la maua ninalofanyia kazi, upande wa Entebbe, Uganda, limefunga sola na kupanda miti kandokando ya ziwa. Safi. Ila akina mama wanaokata waridi bado ni vibarua, glavu zao zimetoboka vidole. Nikiuliza, naambiwa hayo si mazingira. Mnasemaje?

— Dawa ya wadudu ikiingia ziwani ni mazingira, ikiingia kwenye ngozi ya mama siyo? Acha waseme!

— Sheria nayo! Kima cha chini cha mshahara ni shilingi 6,000 kwa mwezi, cha tangu 1984. Muswada wa kima cha chini ulipita bungeni mwaka 2019, Rais hakuutia saini.

— Kaka, mna chama cha wafanyakazi?

— Kipo, ila vibarua hawamo. Nitaanzia hapo.