Naomba ushauri: kupima mpindo wa anga kwa leza, inafaa kwa utafiti wa shahada?

Wakuu, heshima kwenu. Nipo mwaka wa mwisho, fizikia, na hili suala la kuushinda mwanga kwa kasi kwa kukunja anga lenyewe (nafasi ya ulimwengu, si mawingu) limenishika vibaya. Mwanafizikia Miguel Alcubierre alionyesha mwaka 1994 kwamba milinganyo ya Einstein inaruhusu: anga linasinyaa mbele ya chombo, linatanuka nyuma, chombo kimetulia ndani ya povu la anga lisilokunjwa. Ila povu hilo linadai nishati hasi, na kiasi chake kinatisha.

Ninachotaka kuiga ni jaribio la mhandisi Harold White alipokuwa NASA, la kutafuta mpindo mdogo sana wa anga. Mwanga wa leza unagawanywa miali miwili, mmoja unapitishwa kwenye pete ya kapasita (vifaa vya kuhifadhi chaji ya umeme) zenye volteji kubwa, kisha inakutanishwa tena uone kama mistari ya mwanga na giza imesogea. Majibu yake hayakuthibitisha chochote.

Mitambo yangu ya jaribio hilo nimeshaifunga mezani. Nikipumua karibu, mistari inacheza. Mtu akifunga mlango, ndiyo kabisa!

Sasa, kapasita zikipasha hewa moto, mistari si itasogea hata bila mpindo wowote? Nitatenganishaje? Pampu ya utupu ni lazima, au kuwasha na kuzima volteji mara nyingi na kuchukua wastani kunatosha? Msimamizi wangu anataka niachane na vifaa, nifanye hesabu za povu la watafiti Bobrick na Martire (2021), lisilohitaji nishati hasi lakini haliupiti mwanga. Mimi roho iko kwenye leza. Mngekuwa nyie mngechagua lipi?