Uanagenzi wa uhandisi wa programu hapa Tanga: nikubali bila mshahara, au nisubiri chuo?

Mhitimu wa Makorora aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na vijana wenzangu hamjambo. Nimemaliza stashahada ya TEHAMA, ngazi ya NTA 6, na kwa sasa ninaishi nyumbani kwa wazazi. Ipo kampuni ndogo maeneo ya Chumbageni inayotengeneza mifumo ya maduka ya dawa na ya vifaa vya ujenzi. Mwenye kampuni amenieleza kwa mdomo kwamba yuko tayari kunipokea kama mwanagenzi kwa miezi sita, kwamba nitapewa nauli na chakula cha mchana, na kwamba habari ya mshahara "tutaiona mbele ya safari". Baba yangu angependelea nisubiri dirisha la udahili, niombe shahada Dar es Salaam pamoja na mkopo wa Bodi ya Mikopo.

Ninaandika lugha za programu za PHP na JavaScript kwa kiasi, na kazi yangu ya mwisho chuoni ilikuwa mfumo wa kusajili wanafunzi wa madrasa, lakini sijawahi kugusa mfumo ambao watu wanautegemea kwa riziki yao. Je, uanagenzi wa namna hii unaweza kweli kunifikisha kwenye uhandisi wa programu, na nitaujuaje ubora wake kabla sijaingia?

Mzee wa Seva, Raskazone, alijibu:

Marahaba, mwanangu. Kabla ya kuuliza habari ya fedha, uliza ni nani atakayesoma msimbo wako, yaani maagizo ya programu unayoyaandika. Kijana anayejifunza gereji pale Ngamiani hawi fundi kwa kukaa karibu na magari. Anakuwa fundi kwa sababu kuna mtu anayemnyang'anya spana, anamwonyesha alipokosea na kumrudishia aanze upya. Katika kazi yetu jambo hilo hufanyika kwa mapitio ya msimbo: unaandika mabadiliko kwenye tawi lako, yaani nakala yako ya kando, mwandamizi anayasoma mstari kwa mstari, anakuandikia kwa nini hiki hakifai na kile kinafaa, nawe unarekebisha hadi akubali kuyaunganisha na mfumo. Pasipo mtu huyo, miezi sita hiyo utajifundisha mwenyewe, na hilo unaweza kulifanya nyumbani bila kupanda bodaboda.

Kwa hiyo nenda ofisini kwao, uombe kwa adabu wakuonyeshe historia ya mabadiliko ya mfumo wao mmoja katika Git, chombo kinachotunza kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo. Chombo hicho Linus Torvalds alikianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya kerneli, yaani kiini, ya mfumo endeshi wa Linux, na leo ni vigumu kukuta timu makini isiyokitumia au kutumia kinachofanana nacho. Tazama kama mabadiliko yanaandikwa na zaidi ya mtu mmoja, kama kila badiliko lina maelezo yanayoeleweka, na kama kuna majaribio ya kiotomatiki, yaani programu ndogo zinazokagua kama mfumo unafanya kazi sawasawa, hata machache. Wakikuambia kwamba msimbo wote uko kwenye flashi ya bosi, shukuru, kunywa chai yao, kisha uondoke.

Uliza pia wanagenzi waliotangulia walifanya nini. Mwanzo mzuri huwa na kazi ndogo zenye maana: kurekebisha maneno ya risiti, kisha kusahihisha hitilafu halisi, tuseme dawa iliyopitwa na muda inayoendelea kuonekana kwenye orodha ya mauzo. Hapo unaandika kwanza jaribio linalothibitisha kwamba hitilafu ipo, unaona limeshindwa, ndipo unaandika marekebisho mpaka jaribio lifaulu. Baadaye unakabidhiwa kipande kinachotisha zaidi, kama kupokea malipo ya simu, ambapo ni lazima ufikirie itakuwaje mteja akikatwa fedha na mtandao ukakatika kabla ya mfumo kupata taarifa. Ukisikia kwamba waliotangulia walivuta nyaya, walipachika Windows na kupeleka ankara kwa wateja, elewa kwamba hiyo ni kazi halali, lakini haikupeleki unakotaka.

Mwenye Ofisi Ndogo, Bagamoyo, alijibu:

Ninakubaliana na Mzee, ila naomba niseme upande wa pili, kwa kuwa sisi tunaopokea wanagenzi hatusikiki sana katika mijadala hii. Mwanagenzi huanza kwa kuigharimu ofisi. Mwandamizi wangu akikaa naye asubuhi nzima, kazi ya mteja inasimama, na mteja wa Bagamoyo mwenye nyumba ya wageni hataki kusikia kwamba mfumo wake wa kupokea wageni umechelewa kwa sababu tulikuwa tunafundisha. Ndiyo maana wengi wetu huanza na nauli tu. Hata hivyo, sababu hiyo haidumu miezi sita. Mwanagenzi anapoanza kukamilisha kazi ambazo mteja anazilipia, posho inapaswa kuanza, na tarehe yake iandikwe tangu mwanzo badala ya kuachiwa hiyo "mbele ya safari".

Maandishi ndiyo kinga ya wote wawili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na mwenye kampuni mwenye nia njema hataona tabu kumfanyia mwanagenzi vivyo hivyo. Karatasi moja inatosha: muda, saa za kazi, nani msimamizi, posho na tarehe ya kuanza kwake, nani mmiliki wa msimbo utakaouandika, na nini kitafuata muda ukiisha. Serikali yetu nayo ilitoa miongozo ya taifa ya uanagenzi mwaka 2017, kwa hiyo usione haya kulitaja jambo hili mbele ya bosi kana kwamba umelizua wewe.

Wenzetu Ujerumani waliifanya fani hii kuwa uanagenzi rasmi mwaka 1997, wakaiita Fachinformatiker. Kwa kawaida huchukua miaka mitatu, mwanafunzi akigawa muda wake kati ya kampuni na chuo cha ufundi, na kampuni humlipa muda wote huo. Ukilinganisha, miezi sita ni mlango tu, na anayekuahidi kwamba utatoka mhandisi kamili anakupamba.

Binti wa Pongwe alijibu:

Mimi sikubaliani na namna swali lilivyowekwa, kana kwamba ni lazima uchague kimoja. Dirisha la udahili halijafunguliwa, na kukaa nyumbani ukilisubiri hakukuongezei kitu. Ingia kazini, na dirisha likifunguliwa uombe chuo, ndipo uamue ukiwa na kitu mkononi. Baba yako naye ana hoja: nafasi za serikalini zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira zinataja kiwango cha elimu waziwazi, na hakuna historia ya Git itakayojaza nafasi ya cheti pale.

Jambo jingine ambalo wakubwa hawakuligusa: chunguza wanavyotunza taarifa za wateja. Kampuni niliyoanzia ilinipa siku ya kwanza nakala nzima ya hifadhidata ya zahanati, yenye majina ya wagonjwa na dawa zao, niiweke kwenye kompyuta yangu mpakato ili "nifanyie mazoezi". Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile zinazohitaji uangalizi mkubwa zaidi. Ofisi inayojiheshimu humpa mwanagenzi taarifa za kubuni.

Mhitimu wa Makorora aliandika tena:

Nawashukuru sana. Nimekwenda, na nimepokelewa vizuri kuliko nilivyotarajia. Wanatumia Git, mabadiliko yanaandikwa na watu watatu, ingawa majaribio ya kiotomatiki yapo kwenye sehemu ya malipo tu. Msimamizi atakuwa dada mmoja mwandamizi ambaye atapitia kazi yangu Jumanne na Ijumaa. Kuhusu taarifa za wateja, aliniambia mwenyewe kabla sijauliza kwamba wanagenzi hawagusi hifadhidata halisi. Bosi amekubali kuandika makubaliano, na posho itaanza mwezi wa tatu wa uanagenzi. Alichokataa ni mimi kuonyesha msimbo wao mahali popote, hata kwa mwajiri mwingine. Je, hilo linapaswa kunizuia?

Mzee wa Seva, Raskazone, alijibu:

Halipaswi kukuzuia, msimbo ni mali yao na wateja wao wameulipia. Omba mambo mawili yaongezwe kwenye karatasi hiyo: kwamba mwishoni utapewa barua inayotaja kazi ulizozifanya kwa undani, si ile ya "alikuwa mtiifu na mwaminifu", na kwamba dada huyo atakubali kuulizwa kuhusu wewe na mwajiri atakayefuata. Cha kuonyesha watu kitengeneze mwenyewe jioni, bila kunakili hata mstari mmoja wa ofisini. Mfumo wako wa madrasa unafaa sana kwa hilo: uandikie majaribio, uuweke GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha msimbo, na umwombe ustadhi autumie kweli, kwa maana malalamiko yake yatakufundisha mambo ambayo chuo hakikukufundisha. Na Jumanne na Ijumaa ni chache kwa anayeanza, hivyo waombe wiki za mwanzo akupitie kila siku, walau kwa nusu saa.

Mwenye Ofisi Ndogo, Bagamoyo, alijibu:

Nusu saa kila siku, ofisi ndogo inaimudu. Omba iwe asubuhi, kabla simu za wateja hazijaanza.