Lenzi yako ya kwanza isiyozumu ilikuwa ipi? Tupeane uzoefu (za otofokasi, bei ya kawaida)

Mzee wa Shata (mleta mada)
Wakuu habari za jioni. Kila mara mtu akiuliza anunue lenzi gani ya bei nafuu jibu ni lile lile, chukua 50mm f/1.8 umalize (mm ikiwa kubwa inavuta karibu zaidi, namba ya f ikiwa ndogo tundu la mwanga ni kubwa). Mi naona kila mtu aseme ana nini, anapigia wapi na inamsaidiaje, maana 50 ni tamu ila sio ya kila mtu. Za otofokasi tu, nyie wa lenzi za kuzungusha kwa mkono za Kirusi uzi wenu utakuja 😄

Naanza mimi. Nina Canon ya kropu (yenye sensa ndogo, picha inaonekana imevutwa karibu), nilikuwa na 18-55 iliyokuja na kamera nikaongeza EF 50mm f/1.8 STM, ile iliyotoka 2015. Usiku sebuleni kwa taa ya dari, 18-55 ukizumu hadi mwisho inagota f/5.6, ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) inapanda 6400 picha imejaa chenga, ila kwa f/1.8 mwanga unaingia karibu mara 10 kwahiyo kwa spidi ile ile ya shata ISO inashuka mpaka 640 hivi. Tofauti unaiona hata kwenye kioo cha simu. Shida ni nafasi. Kwa kropu 50 inabana inakuwa kama 80, mtu mzima ukitaka mwili wote kamera ikiwa wima unarudi nyuma kama mita 4 na nusu, sasa nyumba za kupanga za Sinza hizo mita unazitoa wapi, mi huwa napigia koridoni mlango ukiwa wazi na wapangaji wenzangu wanapita na ndoo.

Dada wa Sendoff
Hahaha mkuu wa ndoo. Mimi niko na Nikon D3200, kaka yangu aliniletea zawadi 50mm f/1.8D toka duka moja mjini, kaambiwa "ni ya Nikon itaingia tu". Kuingia imeingia kweli, nikabonya shata nusu otofokasi kimyaaa, nazungusha kwa mkono mpaka kale kanukta ka kijani kawake ndani ya kitundu cha kuchungulia. Bibi harusi hakusubiri nukta jamani. Nikaja kubadilishana na mtu nikachukua AF-S DX 35mm f/1.8G na hiyo ndo sitoi kwenye kamera, full mtu mita 3 zinatosha, keki, meza, mashangazi wanacheza, vyote inabeba.

Fundi Kropu
Dada hapo wengi wanaliwa hela. AF-D (zile zenye D mwishoni kama hiyo yako) haina mota ndani, inategemea bodi, yaani kamera yenyewe, iizungushe kwa bisibisi ile ndogo iliyopo kwenye mdomo wa kamera. D90, D7000 hadi D7500 wanayo, familia yote ya D3000 na D5000 hawana. Ukiwa na hizo tafuta iliyoandikwa AF-S. Lenzi haina ubovu wowote, mwenye D7000 akiipata used ameokota dodo.
Na nyie wa Canon msijichekee, RF 50mm (ya bodi za R, zile zisizo na kioo cha kupindua ndani) haiingii kwenye DSLR (zenye hicho kioo) hata uisukume vipi. EF ndo inaweza kwenda kwenye bodi za R, tena kwa adapta.

Kijana wa Nyali
Hapa Mombasa tatizo letu ni ukungu, ile kuvu inayoota ndani ya lenzi. Lenzi za mkono wa pili ni nyingi na bei si mbaya, lakini mimi sitoi pesa kabla sijamulika. Nafungua vifuniko vyote viwili, tochi ya simu upande mmoja, jicho upande wa pili, naigeuza geuza pole pole. Vumbi kidogo si neno. Nikiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui namrudishia mwenyewe na asante juu. Kisha naifunga kwa kamera yangu mwenyewe, si ya muuzaji, nafokasi karibu, mbali, karibu, nasikiliza kama inakwama. Na ukishanunua usiifungie kabatini kwenye mkoba wa ngozi, weka kwa mkebe usiopitisha hewa na silika jeli.

Mtaa kwa Mtaa
Mi naenda kinyume, EF-S 24mm f/2.8 STM. Nyembamba kama andazi lililokaliwa, kamera inaingia kwenye begi la kawaida na pale sokoni hakuna anayekukodolea macho. Kwa Canon kropu inakuwa kama 38, chumba cha kawaida unasimama mita 2 na kidogo mtu mzima ameenea. f/2.8 haifichi mandhari ya nyuma kama 50, ila mi nataka hiyo nyuma ionekane, duka la muuza mkaa ndo picha yenyewe.

Mgeni Mgeni
Wakuu 50 yangu f/1.8 kila nikipiga watu wawili mmoja kafifia, ni mbovu?

Fundi Kropu
Mdogo wangu, ukiwa mita moja na nusu kwa f/1.8 sehemu inayokaa kwenye fokasi ni kama sentimita 6 tu, yaani jicho limo sikio halimo. Wapange usawa mmoja, panda f/4, chagua nukta ya fokasi mwenyewe usiiachie kamera. Bado ikigoma jaribu kwa laivu vyuu (kulenga kwa skrini ya nyuma), kama huko inashika vizuri basi lenzi nzima, shida ni kulandana kwake na bodi.

Mzee wa Shata
Wa Sony naona mmenyamaza, mwenye Sigma 30mm f/1.4 aje. Mgeni na wewe kabla hujanunua nyingine ganda 18-55 yako kwenye 35 wikendi nzima, halafu kwenye 24. Ile utakayoona haikusumbui ndo ununue.

Kijana wa Nyali
Dada wa Sendoff, huyo uliyebadilishana naye bado ana hiyo 50mm f/1.8D? Mimi nina D7000.