Ukoo wa Chumbageni 🌴: nani akae na Salha?

JUMAMOSI

Mjomba Hamisi, 19:04
Assalam alaykum ukoo. Kesho saa tatu asubuhi nampitia Salha tunaanza mazoezi ya kuendesha gari. Mwalimu anachukua pauni 40 kwa saa, huo ni wizi. Atafundishwa na dereva.

Salha, 19:05
Shikamoo mjomba 😍 vibao vya L ninavyo tayari, vile vya sumaku

Mjomba Hamisi, 19:05
Marahaba mama.

Mama Salha, 19:07
Alhamdulillah. Mwalimu ana nafasi Ijumaa tu, na huyu mpaka Ijumaa nyingine ifike kashasahau hata gia ya kwanza iko wapi.

Idrisa, 19:15
Shikamooni. Mjomba samahani, leseni yako ya hapa ulipata lini?

Mjomba Hamisi, 19:16
Mwaka jana mwezi wa tatu. Kwani vipi?

Idrisa, 19:18
Basi huruhusiwi kukaa na lena, yaani anayejifunza kuendesha. Anayekaa pembeni awe na miaka 21 kwenda juu, na awe na leseni kamili ya hapa Uingereza au ya Ulaya kwa miaka 3.

Mjomba Hamisi, 19:19
Idrisa. Nimepeleka Fuso Tunduma na kurudi wewe unanyonya. Kitonga nimeipanda usiku, mvua inanyesha.

Mama Mkubwa (Tanga), 19:20
Idrisa huyo mjomba wako. Ongea naye kwa adabu.

Idrisa, 19:22
Mama namheshimu sana. Ila Kitonga hawaihesabu Swansea wanakotoa leseni. Leseni ya Tanzania walimwachia miezi 12 tu, ndiyo maana akaenda kufanya mtihani na watoto wa miaka 17.

Mama Mkubwa (Tanga), 19:22
Kumbe alifanya mtihani? Mbona hatukuambiwa

Mjomba Hamisi, 19:23
Nilipita.

Mama Salha, 19:23
Mara ya tatu 😂

Mjomba Hamisi, 19:31
Haya tusiende barabarani. Tunaingia maegesho ya supamaketi kabla hawajafungua, hamna mtu. Mimi nilijifunzia Tangamano mbuzi wanakatiza.

Idrisa, 19:33
Pale kila mtu anaingia mjomba, kwa hiyo sheria ni ile ile ya barabarani. Vibao, msimamizi, bima.

Mjomba Hamisi, 19:33
Bima ipo. Tena kubwa.

Idrisa, 19:34
Fungua karatasi usome majina ya madereva.

Mjomba Hamisi, 19:45
Mimi na Mama Rukia.

Idrisa, 19:47
Ndiyo hapo sasa. Salha akishika usukani gari hilo halina bima. Polisi wakimsimamisha ni pauni 300 na alama 6 za makosa kwenye leseni, na gari wanaweza kuondoka nalo. Na wewe uliyempa ufunguo una kesi yako.

Mama Salha, 19:48
Alama 6 kwa mtoto ambaye hata leseni hajapata?

Idrisa, 19:50
Zinaandikwa kwenye leseni ya lena, akifaulu anahamia nazo. Halafu akiongeza hata 3 ndani ya miaka 2 ya kwanza leseni inafutwa, anarudi kuwa lena. Theory upya, mtihani upya.

Mama Salha, 19:52
Basi nitakaa naye mimi. Leseni yangu ya 2014.

Salha, 19:52
Mama, leseni yako ni ya otomatiki tu 🙈 gari la mjomba lina klachi

Mama Mkubwa (Tanga), 19:54
Sasa huko nchi nzima nani anaweza kukaa na huyu mtoto?? Bibi yenu anauliza kama arudi ajifunzie Tanga

Idrisa, 19:55
Nitakaa naye mimi. Nina 27, leseni yangu ilishavuka hiyo miaka 3 zamani.

Mjomba Hamisi, 19:58
Na bima? Niongeze jina lake kwenye yangu?

Idrisa, 20:06
Usifanye hivyo mjomba. Mimi nilipokuwa lena, baba mdogo aliniongeza kwenye yake. Siku ya nne narudi nyuma nje ya nyumba, nikaikwangua Corsa ya jirani kuanzia mlango hadi taa. Kidogo tu, rangi na taa. Lakini dai likaingia kwa jina lake, na punguzo la miaka sita bila madai likapungua vibaya. Mwaka uliofuata bima ilipanda mpaka akawa ananipigia simu kila mwezi kunikumbusha.

Ziko bima za lena zenyewe. Salha anakata kwa jina lake, juu ya gari lako, kwa ridhaa yako, siku 30 au hata siku moja. Akigonga dai linakwenda kwake, lako haliguswi. Asome masharti kwanza: atatoa kiasi gani mfukoni kabla bima haijalipa, na umri wa anayekaa pembeni. Baadhi wanataka miaka 25.

Na jingine. Nyingi ya hizo bima zinakufa pale pale akifaulu. Kutoka kwenye mtihani kurudi nyumbani anaendesha mtu mwingine.

Salha, 20:07
Hiyo ya mwisho inauma jamani

Mjomba Hamisi, 20:10
M4, ile motowei ya magari ya kasi, tutapita kidogo, aizoee.

Idrisa, 20:10
Hapana mjomba. Motowei lena anaingia na mwalimu aliyesajiliwa tu, kwenye gari lenye pedeli upande wa mwalimu pia.

Mjomba Hamisi, 20:14
Na mimi mwenye gari nakaa wapi?

Idrisa, 20:14
Nyuma.

Mama Salha, 20:15
Kimya.

JUMAPILI

Mama Mkubwa (Tanga), 11:40
Vipi huko? Bibi kashika tasbihi tangu asubuhi

Salha, 11:52
Salama mama mkubwa. Bima nimekata jana usiku. Idrisa kabandika kioo chake kidogo mbele ili na yeye awaone wa nyuma. Saa nzima tulizunguka mtaani tu, kushoto kushoto kushoto. Halafu kipilefti. Nikasubiri nafasi, nikaachia klachi haraka, gari likazima. Nikawasha, likazima tena. Van nyuma ikapiga honi ndefu. Mjomba nyuma “KANYAGA MAFUTA!” Idrisa kasema taratibu tu, hendibreki, kanyaga klachi, washa, usimwangalie wa nyuma. Likaondoka 😭

Mjomba Hamisi, 11:53
Nilisema mara moja tu.

Salha, 11:53
Mara nne

Mama Mkubwa (Tanga), 11:55
Alhamdulillah. Mmeshafika nyumbani?

Idrisa, 11:58
Bado. Kibao cha nyuma kimedondoka. Mjomba alikibandika kwenye bampa, bampa ni plastiki, sumaku haishiki, akaongeza selotepu 🤦🏾 Bila vibao viwili haendeshi, na mimi bima ya gari hili sina, kwa hiyo tumeegesha pembeni.

Mama Salha, 11:59
Na Hamisi yuko wapi?

Salha, 12:01
Kateremka. Anatembea kurudi kipilefti

Mjomba Hamisi, 12:09
Nakiona. Kiko katikati kwenye majani. Nasubiri magari yapite.