YULE MUUZA UROJO KANIPOKONYA BAKULI AKALIMIMINA CHUNGUNI MBELE YA WATU!!

Binti Mvita: Mikono yanitetemeka hapa naandika. Yule bwana wa urojo, mwenye kofia ya viua na kiti kimoja cha plastiki, nyote mwamjua. Nina wiki ya sita Unguja, nimekuja kikazi kutoka Mombasa, nimepanga Malindi (ya hapa, si ile ya kwetu). Jioni zote hizo nimekula kwake, nimeshamjengea ghorofa mtu yule!

Leo aliye mbele yangu kalipa elfu mbili. Nami nikapewa langu, moshi watoka, bajia zaelea. Nikamwita mwenzangu, "Ndoo huku!" Basi. "Ndoo ya maji au ya mafuta?" Foleni nzima kicheko, bibi mmoja akajiziba mdomo kwa mtandio. Kisha akanambia, "Wewe elfu nne."

Nauliza kwa nini, kanipokonya bakuli MKONONI, kalirudisha chunguni! Kachori ikanata ukingoni, akaisukuma kwa kidole. Kwa KIDOLE! "Kale kwenu."

Kwetu ndoo ni njoo, ndia ni njia. Muyaka, mshairi wetu wa zamani, alitunga kwa Kimvita hichi hichi, watu wakahifadhi. Leo nachekwa na mkoroga unga? Na kile kidole, wallahi, nitakiota usiku.

Kijana wa Michenzani: Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa sanifu mwaka 1928, na mkutano wenyewe ulifanyika huko huko kwenu Mombasa. Mlitupa wenyewe, sasa walia nini? 😂

Binti Mvita: Sizungumzii 1928, nazungumzia KIDOLE!

Mla Bajia: Subirini kwanza. Mimi nimekula pale baada ya magharibi. Ina maana nimekula urojo wa bakuli la huyu dada??

Mpemba wa Wete: Dada, pole. Mie nna miaka kumi na moja hapa mjini, nimeoa hapa, nimezalia hapa, na bado naitwa "yule Mpemba". Wewe wiki sita tu washafungua uzi.

Shangazi Bububu: Afadhali nyinyi mwachekwa tu. Jana utingo wa daladala ya 502 kanishusha Kinazini na gunia la muhogo, eti gari limegeuza. Nimeliburura mpaka Darajani, kiatu kimekatika!

Kijana wa Michenzani: Huyo utingo mwenye fulana nyekundu? Hata mimi hajanirudishia chenji yangu ya mia sita.

Shangazi Bububu: Huyo huyo! Ana mwanya.

Binti Mvita: Jamani, bakuli langu...

Mla Bajia: Yule wa urojo siku hizi hata embe hatii, ni ndimu tupu.

Mpemba wa Wete: Urojo bila embe mbichi huo ni uji.

Shangazi Bububu: Ukwaju pia wafaa.

Mpemba wa Wete: Ukwaju?! Nani kakufunza kupika wewe?